Chakula, unene na ubongo: mambo ambayo familia zetu zinahitaji kujua

Tukisikia neno lishe huku mashariki ya Kongo, wengi wetu tunafikiria mara moja mtoto aliyevimba miguu, nywele zimegeuka rangi, anapimwa mkono kwenye kituo cha afya. Ni haki kufikiria hivyo, kwa kuwa katika nchi yetu watoto zaidi ya 4 kati ya 10 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Lakini katika miji yetu, iwe Bukavu, Goma, Uvira, Bunia au Butembo, kuna jambo lingine linalokua pembeni bila kelele. Wamama na wababa wa miaka 45 na kuendelea wanaongezeka uzito, kisha tansio inapanda, kisha sukari inapanda kwenye damu. Miaka inapita, na watoto wao wanaanza kuambiana kwa sauti ya chini kwamba mzee anasahau, anauliza jambo moja mara tano, anapotea njia ya sokoni aliyoipita miaka 30.

Mambo hayo yanahusiana. Tumeona vema kuyaeleza hapa kwa urefu kidogo, kwa sababu katika makanisa yetu watu wanaongea juu ya tumbo na juu ya kichwa kama vile ni vitu viwili visivyojuana.

Kwanza, unene ni nini? Kwetu mtu akinenepa tunampongeza. Tunasema maisha yamemkubali, mume anamtunza vizuri. Akikonda tunaogopa, na tangu miaka ya ukimwi tunaogopa zaidi. Kwa hiyo hatupendi kumwambia mtu kwamba uzito wake umezidi. Waganga wao wanatumia hesabu rahisi: kilo za mtu zinagawanywa kwa urefu wake katika mita, kisha zinagawanywa tena kwa urefu uleule. Jibu likifika 25 uzito umezidi, likifika 30 ni unene wa ugonjwa. Mama mwenye urefu wa mita 1.60 anafika 25 akiwa na kilo 64, na anafika 30 akiwa na kilo 77 hivi. Asiye na mizani achukue kamba. Ajipime urefu kutoka kisigino mpaka utosi, akunje kamba katikati, kisha aizungushe kiunoni. Kama ile nusu haizunguki, mafuta ya tumboni yamezidi, na mafuta ya tumboni ndiyo yanayodhuru zaidi kuliko ya mapaja au ya makalio. Duniani leo zaidi ya watu bilioni 1 wana unene wa ugonjwa, na sehemu kubwa yao wako katika nchi zisizo tajiri.

Sasa tuje kwenye ubongo. Ubongo wa mtu mzima una uzito unaokaribia kilo 1 na nusu, yaani kama sehemu 2 kwa 100 ya mwili, lakini unakula sehemu 20 kwa 100 ya nguvu zote tunazopata kwenye chakula. Hauna ghala lake. Unategemea damu iulete sukari na hewa kila dakika, usiku na mchana. Ndiyo maana kitu chochote kinachoharibu mishipa ya damu, au kinachovuruga sukari, ubongo unakiona mapema.

Tena ubongo ndio unaoamua tule kiasi gani. Chini kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo inayoitwa haipothalamasi, inayopokea habari kutoka tumboni, kwenye damu na kwenye mafuta ya mwili. Mwaka 1994 kundi la Jeffrey Friedman, huko New York, lilitambua homoni iliyoitwa leptini. Inatoka kwenye mafuta ya mwili yenyewe na kwenda kuuambia ubongo: akiba ipo, punguza kula. Watu walifurahi sana, wakidhani dawa ya unene imepatikana. Haikuwa hivyo. Watu wengi wanene wana leptini nyingi mno kwenye damu, ila ubongo wao hauisikii tena, kama mtu anayeishi jirani na mashine ya kusaga asivyosikia tena kelele yake. Majaribio kwa panya yanaonyesha kwamba chakula chenye mafuta mengi kinaanza kuwasha uvimbe mdogo katika haipothalamasi ndani ya siku chache tu, kabla mnyama hajanenepa.

Hapa tunataka kusimama kidogo, kwa sababu makanisani tumesikia mara nyingi unene ukisemwa kuwa ni dhambi ya ulafi na hapo habari ikaishia. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake katika hospitali ya utafiti ya serikali ya Marekani waliwaweka watu wazima 20 ndani kwa wiki 4. Kwa wiki 2 walipewa vyakula vya viwandani vilivyotengenezwa tayari, na kwa wiki 2 nyingine vyakula vya kawaida vilivyopikwa. Sukari, mafuta, chumvi na nguvu zilizowekwa mezani zilipangwa zilingane pande zote mbili, na kila mmoja aliambiwa ale kadiri anavyotaka. Walipokula vya viwandani walizidisha kalori kama 500 kwa siku bila kujua, wakaongezeka karibu kilo 1. Walipokula vya kupikwa walipungua karibu kilo 1. Watu walewale, tabia ileile, nia ileile. Kilichobadilika ni chakula. Kwa maoni yetu mchungaji anayetaka kuhubiri juu ya ulafi angefaa kujua utafiti huo kwanza.

Kumbukumbu nayo inaguswa. Sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya, hipokampasi, ni nyepesi kuumia. Nchini Australia watafiti waliwachukua vijana 110 wenye afya na wasio wanene, wanafunzi wa miaka 20 hadi 23, na kuwapa nusu yao vyakula vya mafuta na sukari nyingi kwa wiki 1. Baada ya hiyo wiki walifanya vibaya zaidi kwenye mitihani ya kumbukumbu, na hata wakiwa wameshiba walitamani zaidi vitafunio vitamu. Wiki 1 tu, na ni vijana! Uzuri wake ni kwamba walipoacha, hali yao ilirudi. Kwa mtu wa miaka 60 aliyekula hivyo kwa miaka 20 hatuwezi kuahidi urahisi huo.

Tansio, sukari na mishipa midogo

Njia kubwa ambayo unene unapitia kufika kwenye ubongo ni mishipa ya damu. Uzito ukizidi, tansio inapanda, na insulini inashindwa kufanya kazi yake vizuri, ndiyo mwanzo wa diabeti ya watu wazima. Tansio ya miaka mingi inafanya mishipa midogo ya ubongo kuwa migumu na myembamba. Mmoja ukipasuka au kuziba ghafla, mtu anapooza upande mmoja, mdomo unaenda kando, maneno hayatoki. Hapo hakuna kungoja asubuhi wala kungoja kikundi cha maombi kikusanyike kwanza: apelekwe hospitali saa ileile, na wanaoomba waombe wakiwa njiani. Lakini mara nyingi mishipa inaziba midogomidogo bila mtu kujisikia, na kila mmoja unaondoa kipande kidogo cha akili. Ndugu hawaoni siku ambapo ilianza.

Kuna pia usingizi. Mtu mnene shingoni anakoroma sana, na katikati ya kukoroma pumzi inakatika kwa sekunde nyingi, mara kwa mara usiku kucha. Ubongo unakosa hewa na haupumziki. Asubuhi anaumwa kichwa, mchana anasinzia. Yule mzee wa kanisa anayelala kila mahubiri yanapoanza, tunayemcheka, pengine anahitaji muganga zaidi ya kuhitaji karipio. Na mara nyingine, tukubali, ni mahubiri yenyewe.

Mwaka 2024 kamati ya wataalamu wa jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kupoteza akili uzeeni, na ikakadiria kwamba karibu 45 kwa 100 ya wagonjwa hao duniani wangeweza kuepuka au kuchelewesha ugonjwa kama mambo hayo yote yangeshughulikiwa. Katika hayo 14 mna unene, tansio, diabeti, mafuta mabaya kwenye damu na kutotembeza mwili. Mna pia elimu ndogo utotoni, upweke, kutosikia vizuri, kutoona vizuri, pombe nyingi, sigara na hewa chafu, hewa ya jikoni mwetu penye makala ikihesabiwa humo.

Jambo moja linawachanganya watu. Wanasema, bibi yetu hakuwa mnene, alikuwa amekonda sana, na bado alipoteza akili. Utafiti mkubwa wa watu zaidi ya milioni 1, uliotolewa mwaka 2018, ulieleza fumbo hilo. Ukiangalia uzito wa watu miaka 20 kabla ya ugonjwa kuonekana, wanene ndio walio hatarini zaidi. Ukiangalia miaka michache tu kabla, wagonjwa wamekonda, kwa sababu ugonjwa wenyewe unakondesha mwili kabla haujajulikana. Kwa hiyo mzee anayekonda na huku anasahau asipongezwe kwamba amepunguza tumbo. Apelekwe akapimwe.

Na hapa kuna jambo la uhai na mauti. Mama mzee anayezunguka usiku, anayeongea na waliokufa, anayemtuhumu binti yake kwamba ameiba sufuria, huku kwetu haambiwi kwamba ni mgonjwa. Anaitwa mchawi. Tunajua vijiji ambako wamama wazee wamepigwa, wamefukuzwa, wengine wameuawa. Ubongo uliokauka mishipa unafanya hasa mambo hayo: unachanganya usiku na mchana, unaleta watu wasiokuwepo, unaleta shuku kwa walio karibu. Kiongozi wa kanisa anayejua hilo anaweza kuokoa mtu siku ambapo vijana wamekusanyika mbele ya nyumba.

Njaa ya jana na unene wa kesho

Mtu anaweza kusema kwamba habari hii ni ya wenye pesa, haihusu waliotoka kambini. Kwa kweli inawahusu sana. Wakati wa vita kuu ya pili, katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani walizuia chakula kuingia katika miji ya Uholanzi na watu wakafa njaa. Miaka 19 baadaye vijana wa kiume waliingia jeshini na kupimwa. Wale ambao mama zao walikuwa na njaa katika miezi ya kwanza ya mimba walikuwa wanene mara nyingi kuliko wengine. Mwili uliojifunza njaa tumboni mwa mama unakuwa na uchoyo: ukipata chakula, unaweka akiba. Fikirieni watoto waliochukuliwa mimba njiani, katika kukimbia, huko Masisi, Fizi au Djugu. Wakikua na kuingia mjini penye mandazi na soda, miili yao iko hatarini kuliko ya wengine.

Na ukosefu wa chakula fulani unaharibu ubongo moja kwa moja. Sisi wa Kivu tunao mfano uliosomwa dunia nzima. Katika miaka ya 1960 na 1970, madaktari Delange, Ermans, Thilly na wenzao walichunguza kisiwa cha Idjwi, ambako watu wengi walikuwa na uvimbe wa shingo, na watoto wengine walizaliwa wafupi, wazito wa akili, wengine bubu. Iodini ilikuwa chache kisiwani kote, lakini ugonjwa ulikuwa mwingi sana kaskazini na mdogo kusini-magharibi. Wakatafuta sababu, wakaifikia kwenye muhogo: sumu yake isipotolewa vizuri inazuia tezi ya shingo kutumia hata ile iodini kidogo iliyopo, na bila homoni ya tezi hiyo ubongo wa mtoto tumboni haujengeki. Sindano za mafuta ya iodini zilisaidia wakati ule. Leo chumvi yenye iodini ndiyo kinga, na mama mwenye mimba asiikose hata akiwa na deni dukani.

Sumu hiyohiyo ya muhogo inaleta konzo, ugonjwa unaopooza miguu yote miwili, uliojulikana sana Kahemba na ukaonekana pia kwetu Kivu ya Kusini, Burhinyi, wakati vita ilipowalazimisha watu kuvuna na kusaga haraka bila kuloweka siku za kutosha. Huko Kahemba daktari Tshala-Katumbay na wenzake walikuta kwamba hata watoto wasio na dalili miguuni, wanaokaa katika nyumba zenye konzo, walikuwa nyuma katika mitihani ya akili. Kwa hiyo zile siku 3 au 4 za kuloweka muhogo mchungu, ambazo mama zetu walizijua, zinalinda kichwa cha mtoto pia.

Sahani yetu

Chakula chetu cha asili si kibaya. Maharage, sombe, lengalenga, viazi vitamu, ndizi, parachichi, samaki wadogo: mtaalamu wa Ulaya angefurahi kuviona mezani. Sambaza wa ziwa Kivu, ambaye wazee wanajua aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, analiwa na mifupa yake, ana protini na yale mafuta ambayo ubongo unayahitaji, na bei yake ni ndogo kuliko ya nyama. Shida ni vipimo. Bugali wa muhogo ni wanga karibu mtupu. Mlima wa bugali na mboga kijiko kimoja unashibisha tumbo na kuacha ubongo bila vya kujengea. Geuzeni: bugali upungue, maharage na mboga viongezeke. Mafuta ya mawese yana vitamini A, ambayo ni nzuri kwa macho ya watoto, lakini karibu nusu yake ni mafuta yale yanayoganda, kwa hiyo sombe isielee ndani yake. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, na vile vidonge vya kuunga mchuzi ni chumvi pia, hata kama havionekani.

Adui mkubwa zaidi tungesema ni vinywaji. Chupa ya soda, ile sukre ya sentilita 33, ina vijiko 8 au 9 vya sukari. Ya nusu lita ina kama 13. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya vijiko 12 kwa siku, na ingekuwa vema kuishia 6. Katika ndoa, ubatizo na matanga yetu mgeni anapewa chupa 2, na kukataa ni kama kumtukana mwenye nyumba. Mchungaji anayetembelea nyumba 4 Jumamosi anakunywa sukari ya wiki nzima kwa upendo wa washirika. Chama cha wamama kingeweza kubadilisha desturi hii kikitaka, kwa kuweka maji safi na chai isiyo na sukari nyingi, bila kungoja mradi wowote.

Je, chakula peke yake kinatosha kulinda akili? Tuseme ukweli. Huko Marekani jaribio la miaka 3 kwa watu 604, lililotolewa mwaka 2023, lililinganisha mlo uliotungwa maalumu kwa ajili ya ubongo na mlo wa kawaida uliopunguzwa kidogo, na tofauti kubwa haikuonekana. Bali Ufini, mwaka 2015, wazee 1,260 wa miaka 60 hadi 77 walifuatwa kwa miaka 2. Nusu yao walibadilisha chakula, wakafanya mazoezi ya mwili na ya akili, na tansio na sukari zao zikafuatwa kwa karibu. Hao walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao. Ni mambo yale yote pamoja. Asiye na nafasi ya mazoezi ashuke pikipiki kabla ya kufika, atembee nusu saa.

Tunaonya juu ya jambo moja linalofanyika sirini. Dada zetu wengine wanameza vidonge vya kunenepesha ili wapate makalio na mashavu. Watafiti wa Kinshasa wameandika juu ya desturi hiyo. Mara nyingi ni deksamethasoni na siproheptadini, zinazouzwa sokoni moja moja. Deksamethasoni inapandisha sukari na tansio, inavuruga usingizi na fikra, na ikitumiwa siku nyingi mwili unaacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Kwa hiyo asiache ghafla pia, anaweza kuanguka. Aende kwa muganga amwambie yote bila aibu, apunguziwe polepole.

Kufunga kwa wenye diabeti

Swali hili tunaulizwa kila mwanzo wa mwaka, wakati makanisa mengi yanafunga. Mwenye diabeti anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi akikaa bila kula, dawa inaendelea kushusha sukari, na ubongo ndio unaokosa kwanza. Anatetemeka, anatoka jasho baridi, anakasirika bila sababu, anasema maneno yasiyo na mpangilio, anaweza kupiga kelele na kuanguka. Katika chumba cha maombi tumeona watu wakiizunguka hali hiyo na kuanza kukemea pepo. Kama bado anameza, apewe mara moja maji yenye vijiko 3 au 4 vya sukari, au soda ileile tuliyoikataa hapo juu. Hapa ni dawa. Baada ya dakika 15 apewe tena kama hajapata nafuu, kisha ale chakula. Kama amezimia, msimtie kitu cha kunywa mdomoni, kitaenda kwenye mapafu: mlazeni ubavu na mkimbilie hospitali mkisema wazi kwamba ni mtu wa diabeti. Na kabla ya mfungo wowote, wachungaji wawatangazie watu wa insulini na wa vidonge hivyo wakaongee na muuguzi wao kwanza. Anayeambiwa asifunge chakula atafute namna nyingine ya kufunga, na kanisa limkubali bila kumtazama vibaya.